Sura ya Tisa: Nani Anaruhusiwa Kutazama Kutoka Juu

Ijumaa ya 29 Januari 2016, helikopta ndogo iliruka chini chini juu ya Pori la Akiba Maswa, upande wa wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, ikiwasaka watu waliokuwa wameua tembo. Rubani wake, Roger Gower, alikuwa Mwingereza wa miaka 37 aliyeuacha uhasibu akasomea urubani. Aliajiriwa na mfuko wa uhifadhi wa Friedkin, ambao ulikuwa ukishirikiana na serikali katika doria za eneo hilo. Majangili waliojificha karibu na mzoga wakaifyatulia helikopta risasi. Risasi ilipenya sakafu, ikampata mguuni na begani. Akajitahidi kuishusha, ikaangukia mtini. Mwenzake alinusurika. Gower alifariki kabla msaada haujafika.

Habari zile zilifika London na New York ndani ya siku mbili. Zilipitia kwenye mfuko uliomwajiri, kwa msemaji wa hifadhi za taifa, kwa polisi na kwa wizara. Wakuu wa mkoa walieleza msako unavyokwenda, na watuhumiwa wakakamatwa. Ukizisoma leo taarifa za wiki ile, utaona kwamba karibu kila jambo linalohusu eneo lenyewe, yaani mizoga ilikuwa wapi, majangili walijificha vipi, helikopta ilikuwa kimo gani, lilitoka kwa mtu aliyekuwa na ndege au aliyepelekwa na mwenye ndege. Haikuwezekana vinginevyo. Kutoka Bariadi mjini hadi kwenye pori lile ni mwendo mrefu wa barabara za vumbi, na ukifika unahitaji ruhusa ya kuingia. Mwandishi wa mkoani, anayelipwa kwa habari moja moja na anayejitafutia nauli mwenyewe, hupokea taarifa ikiwa imeshafungwa.

Nimeanza na kisa hiki kwa kuwa kinaonyesha pande zote mbili za jambo ninalotaka kulieleza. Anga la Simiyu lina hatari za kweli, watu wamekufa humo, na serikali inayosimamia nani anaruka wapi haifanyi uonevu. Lakini anga hilohilo ndilo dirisha pekee la kuyaona maeneo makubwa ya mkoa huu, na dirisha hilo wamekuwa nalo siku zote watu wa aina fulani tu. Mwandishi wa habari wa Simiyu hajawahi kuwa mmoja wao.

Mkoa wenyewe ni mchanga. Uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, makao makuu yakawekwa Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba, mahindi, mtama na dengu, na wafugaji wa ng'ombe. Kwa pamba, Simiyu ndiyo inayoongoza nchini. Magharibi, pale Busega, mkoa unagusa Ziwa Victoria. Mashariki unakomea kwenye Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba Maswa, na hapo mashamba yanakatika ghafla. Mpaka huo unaonekana hata kwenye picha za setilaiti: upande mmoja viraka vya mashamba vilivyobanana, upande wa pili nyika isiyo na jembe. Sijui sehemu nyingine ya Tanzania ambako mstari wa sheria umechorwa wazi kiasi hicho juu ya ardhi.

Kwenye mstari huo ndiko habari nyingi nzito za mkoa zinakozaliwa. Tembo wanatoka usiku na kumaliza shamba la mahindi. Ng'ombe wanaingia porini wakati wa kiangazi, wanakamatwa, na mwenye mifugo anauza nusu ya zizi kulipa faini. Kigingi cha mpaka kinasimama mahali ambapo mzee wa kijiji anaapa hakikuwepo alipokuwa kijana. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliagiza migogoro ya namna hii itazamwe upya nchi nzima, na kamati ya mawaziri wa wizara nane ikapitia vijiji na mitaa 975 yenye mvutano na maeneo ya hifadhi. Mengi kati ya hayo yakaruhusiwa kubaki. Kila mgogoro wa aina hii unageuka kuwa swali la mahali: kigingi kipo wapi, boma lilikuwa wapi, shamba lilianza lini. Picha moja iliyopigwa kutoka mita mia moja juu, yenye tarehe, ingejibu maswali ambayo mikutano ya hadhara imeshindwa kuyajibu kwa miaka mingi.

Kutazama kutoka juu kuna historia ndefu katika nchi hii, na historia hiyo imeamua maisha ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama na kufuatilia uhamaji wao. Utawala wa Kiingereza ulikuwa ukitafuta pa kuweka mipaka ya hifadhi, na waliyoyaona wale wawili yaliingia katika mjadala huo na kuuteka ulimwengu. Michael alikufa Januari 1959 baada ya ndege kugongana na tai. Filamu yao ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 1960. Wazungu wengi waliijua Serengeti kupitia jicho la ndege ile, na kutoka kwenye kimo chake nyumbu walionekana kwa maelfu. Wenyeji waliokuwa wakichunga na kulima pembeni hawakuwa ndani ya ndege wala hawakuulizwa picha ipigweje.

Hata hivyo jicho la angani halikumtumikia mgeni peke yake. Hesabu za tembo tunazozijua zinatokana nalo. Watafiti wa TAWIRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa wanyamapori yenye makao yake Arusha, huruka kwa mistari iliyopangwa na kuhesabu wanachokiona, hai na mizoga. Juni 2015 serikali ilitangaza matokeo ya hesabu ya mwaka uliotangulia: tembo waliokadiriwa kuwa 109,051 mwaka 2009 walikuwa wamebaki 43,330. Ndani ya miaka mitano tu, zaidi ya nusu ya tembo wa nchi walikuwa wametoweka. Hakuna ripota aliyekuwa na uwezo wa kuipata namba ile akiwa ardhini, na hakuna msemaji wa ofisi aliyeweza kuipunguza baada ya kutangazwa. Ilitikisa sera ya nchi nzima. Ndege iliyohesabu ilikuwa na kibali cha serikali, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyochagua siku ya kutangaza.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mwenye mamlaka ya kutoa kibali cha kuruka ndiye mara nyingi mhusika wa habari inayotafutwa. Sheria inalikubali hilo waziwazi.

Tarehe 7 Desemba 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, wajumbe wa nchi 52 walitia saini mjini Chicago mkataba wa usafiri wa anga. Kifungu chake cha kwanza kinasema kila taifa lina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Kifungu cha 8 kinazuia ndege isiyo na rubani kuruka juu ya nchi bila idhini ya nchi hiyo, na kiliandikwa miaka mingi kabla mtu hajawaza kununua droni dukani. Kifungu cha 9 kinairuhusu nchi kufunga sehemu ya anga kwa sababu za kijeshi au za usalama wa umma, kwa sharti kwamba isibague. Halafu kuna kifungu cha 36, kifupi sana, ambacho wanahabari wachache wamewahi kukisikia. Kinaipa kila nchi uwezo wa kukataza au kudhibiti matumizi ya vifaa vya kupigia picha ndani ya ndege inayoruka juu yake.

Tafakari maana yake. Vifungu vya mwanzo vinashughulika na kuruka: nani apite, wapi, kwa hatari gani. Cha 36 kinashughulika na kuona. Mwaka 1944 hilo lilieleweka, kwani ndege ya adui yenye kamera ilikuwa silaha. Tanganyika ilijiunga na mkataba huo mara tu baada ya uhuru, ikaurithi mkono huo mmoja unaoshika mambo mawili tofauti. Na baada ya hapo tukaongeza yetu. Sheria ya maeneo yaliyolindwa ya 1969 na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, zilizotungwa nchi ikiwa imezungukwa na vita vya ukombozi, zilimfanya mtu mwenye kamera karibu na kambi au mtambo wa serikali kuwa mtuhumiwa. Kizazi cha wazazi wetu kilikua kikijua kwamba mbele ya daraja unaificha kamera.

Droni zilipoingia, zilikuta mazoea hayo. Kanuni za usafiri wa anga kuhusu ndege zinazoongozwa kutoka mbali zilitoka mwaka 2018. Zinamtaka mwenye droni aisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kabla ya kuiingiza nchini au kuirusha apate pia ridhaa ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Ndani ya hifadhi za taifa hairushwi bila kibali cha hifadhi. Mwandishi wa Bariadi anayetaka kupiga picha ya mpaka wa pori kutoka juu anajikuta, kwa hiyo, akiomba kwa mamlaka ya anga iliyo Dar es Salaam, kwa wizara ya ulinzi, na kwa wasimamizi wa wanyamapori. Hao wa mwisho ndio wanaotuhumiwa na wanakijiji kwamba wamehamisha kigingi.

Sisemi kwamba masharti haya hayana msingi. Serengeti ina viwanja vidogo vya ndege kama Seronera, na ndege za watalii hutua na kupaa humo mchana kutwa zikiwa chini. Droni ya kilo mbili ikiingia kwenye injini inaweza kuua watu. Jangili naye anaweza kununua droni na kuitumia kuwatafuta tembo au kuwakwepa askari. Wanyama wenyewe wanaiogopa: watafiti walioijaribu mipakani mwa Serengeti na katika eneo la Tarangire na Manyara walitoa taarifa kwamba tembo hukimbia wakisikia mlio wake, na ndiyo maana inafaa kuwaondoa mashambani. Sababu hizi zote zinahusu kuruka. Kila moja ina dawa yake inayojulikana: kimo kisichopitwa, ambacho katika nchi nyingi ni futi 400, kutoirusha mbali na macho ya mwendeshaji, kutokaribia kiwanja cha ndege, mafunzo, bima. Hakuna hata moja inayohitaji kujua picha itatumika kwa habari gani.

Ukitazama nani hupata vibali, picha inakuwa wazi zaidi. Watengenezaji wa filamu za wanyama kutoka nje hupata, kwa ada, na kazi zao za angani juu ya Serengeti zimeonekana duniani kote. Filamu ya Royal Tour, iliyozinduliwa New York Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ndiye mwongozaji wa watalii, iliionyesha nchi kutoka juu kwa fahari, na haki ilikuwa yake. Zanzibar ilifanya vizuri zaidi: kuanzia 2016 serikali ya visiwani na chuo kikuu chake cha taifa, SUZA, walichora ramani ya Unguja na Pemba kwa droni ndogo, vijana wa hapohapo wakiwa ndio marubani. Bariadi penyewe droni si kitu kigeni. Inaonekana juu ya arusi na juu ya mikutano ya siasa. Kwa hiyo anga halijafungwa. Limefunguliwa kwa utalii, kwa ramani, kwa sherehe na kwa mkutano wa kiongozi. Ombi linalokosa sanduku la kuwekwa ni lile la mtu anayetaka kuonyesha kitu ambacho ofisi fulani isingependa kionekane.

Karibu na sisi, upande wa pili wa Serengeti, yapo mambo yaliyotokea ambayo yanapaswa kutusumbua. Huduma ya ndege za matibabu ya Flying Medical Service, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa ikipeleka chanjo na kubeba wagonjwa wa vijiji vya mbali vikiwemo vya Ngorongoro, ilisimamishwa kuruka mwaka 2022. Mwaka huohuo serikali ilikuwa ikiwahimiza wakazi wa Ngorongoro wahamie Msomera mkoani Tanga, na mwezi Juni kule Loliondo uwekaji wa vigingi katika eneo la kilomita za mraba 1,500 uliishia kwa vurugu, majeruhi na kifo cha askari polisi. Taarifa za pande mbili zilipingana kwa kila kitu: idadi ya watu, nani alianza, nyumba zipi zilichomwa. Wasomaji wa Tanzania waliachwa wachague wa kumwamini. Picha huru ya angani ya wiki ile ingeisaidia serikali kama ilikuwa ikisema kweli, na ingewasaidia Wamasai kama wao ndio waliokuwa wakisema kweli.

Wapo watakaosema haya ni matatizo ya nchi changa. Lakini Agosti 2014, katika mji wa Ferguson, Marekani, polisi mweupe alimpiga risasi kijana mweusi, Michael Brown, na watu wakamiminika barabarani. Mamlaka ya anga ya nchi ile ikafunga eneo la maili za mraba 37 juu ya mji, ikisema ni kwa usalama wa helikopta za polisi. Miezi mitatu baadaye shirika la habari la AP lilipata rekodi za simu kati ya maofisa wa mamlaka ile. Zilionyesha kwamba polisi hawakujali ndege za abiria kupita. Walichotaka ni helikopta za televisheni zisiwepo. Wataalamu wa anga walilijua hilo na wakatafuta namna ya kuliandika tangazo lisomeke kama jambo la usalama. Nchi ile ina katiba inayosifiwa kwa kulinda vyombo vya habari, na bado kifungu cha usalama wa anga kilitosha kuwafukuza wapiga picha. Ukweli ulijulikana kwa sababu simu zilikuwa zinarekodiwa na sheria ya taarifa iliwalazimisha kuzitoa. Sisi tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tangu 2016. Ningependa kumwona mwandishi wa Simiyu akiitumia kuiuliza TCAA maombi mangapi ya kurusha droni kwa kazi ya habari yamewahi kupokelewa kutoka Kanda ya Ziwa, na mangapi yalijibiwa.

Kuna anga jingine ambalo serikali inalishika, nalo ni la mawimbi. Redio ndiyo chombo kikuu cha habari vijijini mwetu, na kituo kama Sibuka FM cha Maswa kinawafikia watu ambao gazeti haliwafikii. Masafa yake yanatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na mwenye kuyatoa anaweza kuyachukua. Majirani zetu wa Kenya walionja hilo Januari 2018, pale NTV, KTN, Citizen na Inooro zilipozimwa kwa kutaka kuonyesha Raila Odinga akijiapisha Uhuru Park, na wakalionja tena 25 Juni 2025, amri ilipotolewa ya kusitisha matangazo ya moja kwa moja ya maandamano. Safari hii ya pili Mahakama Kuu iliisimamisha amri ile siku hiyohiyo. Kwetu, magazeti yalianza kufungiwa kwa wingi baada ya 2015: Mawio, Mseto, MwanaHalisi, Raia Mwema, Tanzania Daima, na The Citizen kwa siku saba mwaka 2019. Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua Juni 2018 kwamba kulifungia Mseto kulivunja mkataba wa jumuiya, na Machi 2019 ikasema vivyo hivyo kuhusu vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari. Februari 2022 waziri Nape Nnauye aliyarudishia leseni magazeti manne, na wengi tulipumua. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zikasimamishwa siku 30. Septemba 2025 JamiiForums ikafungiwa siku 90. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima hadi mapema Novemba.

Siku zile zilitufundisha kitu kuhusu anga kwa uchungu mkubwa. Intaneti ilipozimwa na amri ya kutotembea ikatangazwa Dar es Salaam, picha za chini zilikwama kwenye simu za watu. Baadaye, vyombo vya nje vilipoanza kuchunguza watu wangapi waliuawa katika vurugu za uchaguzi ule, viligeukia picha za setilaiti. CNN ilionyesha udongo uliofukuliwa upya kwenye makaburi ya Kondo, kaskazini mwa jiji, ikazilinganisha picha za kabla na za baada. Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Lolote ambalo mtu ataamini kuhusu idadi, jambo moja ni la hakika: wa kwanza kuweka ushahidi wa kutoka juu mbele ya Watanzania walikuwa wageni, kwa picha zilizopigwa na kampuni za nje kutoka kwenye kimo ambacho hakuna kibali cha Dodoma kinachohitajika.

Kwa nini hakihitajiki? Kwa sababu mamlaka ya taifa yanaishia mahali fulani juu ya vichwa vyetu, na ingawa hakuna mkataba uliotaja kimo hicho, nchi zote zinakubali kwamba setilaiti iko nje yake. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unasema eneo lile si mali ya taifa lolote. Mwaka 1976 nchi kadhaa za ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire, zilikutana Bogotá zikadai mzingo wa setilaiti za mawasiliano ulio juu yao kuwa wao, lakini dunia haikuwakubalia. Kisha Desemba 1986 Umoja wa Mataifa ukapitisha kanuni za kutazama dunia kutoka mbali. Nchi inayopigwa picha haina haki ya kukataza, ila ina haki ya kupata picha hizo kwa masharti sawa na wengine. Ethiopia ililifunga anga la kaskazini na kukata mawasiliano vita vya Tigray vilipoanza Novemba 2020, na bado dunia iliona kambi za wakimbizi za Hitsats na Shimelba zikiwa majivu.

Hali hii imezaa kinyume ambacho nakiona hatari kwa nchi yetu. Mchambuzi aliyeketi Ulaya anaweza kuitazama Meatu wiki hii bila kumwomba mtu ruhusa. Mwandishi aliyezaliwa Mwanhuzi, wilayani humo, anayejua majina ya mito na ukoo wa kila boma, hana ruhusa ya kuinua kamera mita hamsini. Kanuni iliyokusudiwa kulinda nchi dhidi ya macho ya wageni imeishia kuwaachia wageni peke yao kazi ya kuiona nchi.

Picha za setilaiti anaweza kuzipata na yeye, na ningemshauri kila mwanachama wa klabu ya waandishi wa Simiyu ajifunze. Za Landsat zipo tangu 1972, na zile za Sentinel-2 za Ulaya hupita kila baada ya siku chache na hutolewa bure. Kwa hizo unaweza kuonyesha shamba lilianza mwaka gani, moto uliteketeza wapi, bwawa lilikauka lini. Mgogoro wa kigingi unaweza kupata historia ya miaka hamsini kwenye kompyuta ya kawaida. Lakini nukta moja ya Sentinel-2 ni mita kumi kwa kumi. Nyumba ya msonge inamezwa humo, ng'ombe hawaonekani, kigingi hakionekani, mtu hayumo kabisa. Picha kali zaidi zinauzwa, kwa bei ambayo gazeti la Dar es Salaam linaikwepa, sembuse redio ya wilaya. Pengo kati ya setilaiti na macho ya mtu aliyesimama ardhini linazibwa na droni tu.

Na hata akiipata picha, kuna siku sheria ingemzuia kuitafsiri. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali au kuzivuruga. Mwandishi aliyehesabu paa za nyumba zilizoungua na kuandika idadi angeweza kujikuta mahakamani. Kelele zilipigwa, ndani na nje, na mwaka 2019 Bunge likakilegeza kifungu kile. Nalitaja kwa kuwa linaonyesha kwamba sheria za aina hii hubadilika pale watu wanapozisoma kifungu kwa kifungu na kusema wapi zinakosea.

Basi kwenye anga, panapokosea ni hapa. Swali la kama ni salama kuruka mahali fulani saa fulani ni la TCAA, lijibiwe na TCAA kwa maandishi na kwa muda uliopangwa, na wizara ya ulinzi iwe na orodha ya maeneo yake ya kijeshi, siyo kura juu ya kila ombi kutoka kila wilaya. Hifadhi iseme nyumbu wanazaa wapi na ndege zinatua wapi, na izuie hapo. Sehemu ya anga ikifungwa kwa dharura, tangazo litaje mipaka, sababu na siku ya mwisho, na lifungwe kwa wote wasiohusika na uokoaji, awe mtengeneza filamu mwenye ada au ripota asiye na kitu. Swali la kama jambo fulani lionekane na wananchi lisiwepo kwenye fomu hata kidogo. Ibara ya 18 ya Katiba imeshalijibu: kila mtu ana haki ya kutafuta na kutoa habari, na kupewa taarifa kuhusu matukio yanayogusa maisha yake. Mpaka wa Maswa unagusa maisha ya watu wa Meatu, Itilima na Bariadi kila msimu wa mvua.

Kanuni za 2018 zilitungwa na waziri chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga. Kuziongezea kifungu kinachowahusu wanahabari, chenye idadi ya siku ambazo ombi lazima lijibiwe na mahali pa kukata rufaa likikataliwa, hakuhitaji muswada wala kikao cha Bunge. Kunahitaji saini ya waziri na tangazo katika Gazeti la Serikali.